Spoila ya Gari Lako: Orijino, ya Kuiga, au Uiache?

UKISIMAMA kando ya barabara katikati ya mji wa Nyeri Jumamosi jioni, hutakawia kuliona. Litapita likinguruma kama fahali aliyekata kamba, rangi yake samawati, magurudumu yake ya dhahabu, na juu ya buti lina bawa pana hivi kwamba mkulima wa Othaya angeweza kulianikia kahawa. Vijana wa chuo wataacha kutafuna mahindi yao ya kuchoma ili walitazame. Wazee watatikisa vichwa. Naye mama aliyebeba mtoto mgongoni atarudi nyuma hatua mbili, kwani hajui dereva huyo ana haraka gani.

Bawa hilo ndilo mafundi wetu huliita spoila. Kutoka Karatina hadi Nanyuki, na kutoka Embu hadi Meru, ni vigumu kumpata kijana mwenye gari la kasi ambaye hajajiuliza: je, ninunue spoila orijino iliyotoka kwa waliounda gari, au nichukue hii ya kuiga ambayo bei yake ni nafuu? Swali ni zuri. Lakini wengi hulijibu kwa kutazama mfuko na kioo tu, ilhali jibu lake lamhusu hata mwendeshaji bodaboda anayefuata nyuma ya gari hilo. Leo tulichambue pamoja, wewe kijana na wewe mzazi, ambaye huenda ndiye utakayeombwa pesa.

MAPENZI YALIKOANZIA

Tusiwalaumu vijana wetu bure. Mapenzi ya magari haya hayakuanza jana. Katika miaka ya nyuma mashindano ya Safari Rally yalizunguka hadi huku kwetu Mlima Kenya, na tope la njia ya Embu na Meru liliwatoa jasho madereva waliotoka ng'ambo. Mnamo 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari katika nafasi ya nne akiendesha Subaru Impreza. Mwaka uliofuata Colin McRae wa Scotland akawa bingwa wa dunia kwa gari la aina iyo hiyo, na mnamo 1997 akaja kuishinda Safari yenyewe. Richard Burns wa Uingereza naye akaishinda mnamo 2000, pia kwa Impreza. Mtoto aliyeinuliwa mabegani mwa babake ili aone gari hilo la samawati likipita na vumbi lake, leo ni mtu mzima mwenye mshahara. Na mashindano hayo yaliporudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mnamo 2021 kule Naivasha, kizazi kingine kikaambukizwa homa hiyo.

Sasa, jambo ambalo kijana huyo hakuambiwa ni kwamba magari yale ya mashindano yalifungwa spoila kwa sababu maalumu, na sababu yenyewe ni upepo.

KAZI YA SPOILA

Gari linapokwenda, upepo hupita juu yake, chini yake na kando zake. Ule unaopita juu ya paa ukateremka kwenye kioo cha nyuma huelekea kulinyanyua gari kidogo upande wa nyuma. Kwa mwendo wa polepole hutahisi lolote. Lakini kasi ikizidi sana, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, na gari jepesi nyuma huweza kuteleza kwenye kona kama sabuni kwenye beseni.

Dawa yake ni mbili, ingawa zote mitaani huitwa spoila. Ya kwanza ni ukingo mdogo uliolala juu ya kifuniko cha buti. Kazi yake ni kuvuruga upepo ule ili usilinyanyue gari. Kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilifunga ukingo wa namna hiyo kwenye gari lake la 911 Carrera RS mnamo 1972, na kwa jinsi ulivyobenuka watu wakauita mkia wa bata. Ya pili ni bawa hasa, lile linalosimama kwa miguu yake. Hilo ni kama bawa la ndege lililopinduliwa: la ndege huinua, la gari hukandamiza.

Kwamba jambo hili si mapambo matupu, tazama yaliyoipata kampuni ya Audi. Ilipotoa gari lake dogo la TT mwishoni mwa miaka ya tisini, umbo lake lilisifiwa sana, nalo halikuwa na spoila. Kisha kukatokea ajali za kutisha katika barabara za kasi za Ujerumani. Kampuni ikalazimika kuyaita magari yaliyokwisha kuuzwa, ikayafunga spoila ndogo nyuma, ikarekebisha na mambo mengine ya uthabiti. Spoila ile ilikuwa ndogo kiasi kwamba mpita njia asingeigeukia. Lakini ilikuwa imepimwa, na ilijua kazi yake.

Shika neno hilo, msomaji: kupimwa. Tutalirudia.

HESABU YA KASI

Nguvu ya upepo haipandi sawa kwa sawa na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara nne. Tuseme bawa fulani hukandamiza kwa uzito wa kilo 20 gari likienda kilomita 100 kwa saa. Kwa kilomita 50 kwa saa, bawa lilo hilo litakandamiza kwa kilo 5 tu. Sheria yetu ya trafiki hairuhusu kupita kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Kwa hiyo mjini Nyeri au Kerugoya bawa lako linasaidia kwa kilo 5, juu ya gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 1,200. Gunia la viazi la kilo 50 kutoka Karatina lina uzito mara kumi ya msaada huo, na hakuna anayelisifu gunia kuwa ni kifaa cha usalama.

Isitoshe, sisi tunaoishi miinukoni tuna upungufu mwingine. Hewa ya juu mlimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Mjini Nyeri, ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa hupungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na Mombasa, na Nanyuki hupungua zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, bawa nalo hukosa cha kushika. Kilo zako 5 zimekuwa 4 na kitu.

Utaniambia: je, kwenye barabara pana ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84 za njia mbili kila upande? Huko kweli gari hufunguliwa. Hata hivyo sheria ya Kenya haimruhusu mwenye gari la kibinafsi kupita kilomita 110 kwa saa popote pale. Katika kasi hiyo gari lililoundwa vizuri husimama imara bila bawa la ziada. Anayeona kwamba analihitaji bawa ili asiteleze, basi ama amevunja sheria tayari, ama magurudumu yake yamekwisha. Na hapo ndipo hatari ya kwanza ya spoila ilipo: humpa dereva ujasiri ambao gari lenyewe halina.

ORIJINO NI IPI, NA YA KUIGA NI IPI?

Wauzaji wa spea hutumia maneno mengi, nasi tusipoyapambanua tutauziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hakika kuna makundi matatu.

Kundi la kwanza ni spoila orijino, iliyoundwa na kampuni ya gari au kwa agizo lake, kwa ajili ya gari hilo na umbo hilo. Kwa kawaida ni ya plastiki ngumu iliyosubiwa ikawa na uwazi ndani, hivyo ni nyepesi bila kuwa dhaifu. Nati zake za chuma zimezamishwa ndani ya plastiki tangu kiwandani, mipira ya kuzuia maji iko tayari, na mashimo yake hulingana na ya buti bila kulazimishwa. Zaidi ya yote, imepimwa pamoja na gari zima. Wahandisi wanajua nyuma ikikandamizwa kiasi hiki, pua ya mbele itabaki na uzito gani. Hili si dogo. Ukifunga bawa kubwa mno nyuma bila kugusa mbele, magurudumu ya mbele huwa mepesi kwenye kasi, nawe utageuza steringi huku gari likiendelea kwenda mbele kana kwamba halikusikia.

Kundi la pili ni spoila za kampuni nyingine zenye jina, ambazo kazi yao ni kuunda vifaa vya kuboresha magari. Baadhi ya hizi ni bora kabisa, na zipo zinazotumika hata mashindanoni. Usidanganywe kwamba kila kisichotoka kwa aliyeunda gari ni takataka. Alama ya kampuni ya namna hii ni kwamba hutaja bidhaa yake ni ya gari gani na la miaka ipi, imeundwa kwa kitu gani, ina uzito gani, na hukupa bolti zake pamoja na karatasi ya maelezo ya kufungia.

Kundi la tatu ni za kuiga. Mtu huchukua spoila orijino, akatengeneza kalibu juu yake, kisha akamwaga faibaglasi au plastiki nyembamba. Umbo ni lile lile kwa jicho la mbali. Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga, ndani kipande cha mti. Faibaglasi yenyewe si mbaya, kwani hata mashua huundwa kwayo. Ubaya ni pale inapomwagwa bila kipimo, nene hapa na nyembamba pale, na bolti zikashikwa na gundi badala ya kuzamishwa vizuri. Jua likiipiga miaka miwili, mitatu, rangi huanza kufanya nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Kisha hufika siku bolti ikabaki kwenye buti, na spoila ikabaki barabarani.

ZA MTUMBA NA ZA WIZI

Kwa wengi wetu spoila orijino mpya ni ndoto. Magari yenyewe yanazidi kuwa adimu. Mitsubishi iliacha kuunda Lancer Evolution mnamo 2016, nayo Subaru ikatangaza mnamo 2022 kwamba Impreza zile kali za jina la STI hazitaendelea kwa injini ya petroli katika umbo jipya la WRX. Tena Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liundwe. Kwa hiyo Evolution zilizopo nchini ndizo hizo hizo tutakazoendelea kuziona, na kila mwaka vipuri vyake vitazidi kutafutwa.

Ndiyo sababu vijana wengi huishia kwenye spoila za mtumba zilizotolewa kwenye magari ya Japani, ambazo hufika kwa makontena Mombasa na kuuzwa Nairobi, hasa kwenye maduka ya Kirinyaga Road, ile ambayo wazee wangali wanaiita Grogan. Kwa maoni yangu, spoila orijino ya mtumba iliyo nzima ni chaguo bora kuliko ya kuiga iliyo mpya. Imekwisha kuthibitisha kwamba yaweza kustahimili miaka barabarani. Ukiona ndani yake imepigwa chapa ya Fuji Heavy Industries, usidhani umeuziwa bandia. Hilo ndilo lililokuwa jina la kampuni ya Subaru hadi 2017.

Lakini kuna orijino nyingine inayouzwa kichochoroni, jioni, kwa bei ya kutupa, na muuzaji hataki kukuandikia risiti. Msomaji, spoila hiyo jana usiku ilikuwa juu ya gari la mtu. Sheria zetu zinamhesabu anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kuwa ni mhalifu, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Tena fikiria: ukinunua leo, umemwajiri mwizi aje kesho achukue ya kwako. Dai risiti yenye jina la duka. Asiyetaka kuandika, muache na mali yake.

IKAGUE KABLA YA KULIPA

Sasa tuseme umeshafika dukani na spoila iko mkononi. Usiitazame upande wa rangi, kwani huko ndiko alikotaka utazame. Ipindue.

Kwanza, tazama upande wa ndani. Je, kuna namba ya kipuri iliyopigwa ndani ya plastiki yenyewe, au ni karatasi iliyobandikwa juzi? Je, ndani ni laini, au kuna nyuzi za faibaglasi zinazochoma vidole?

Pili, shika kila bolti au nati na uitikise kwa nguvu. Ikicheza hata kidogo ikiwa mkononi, itacheza zaidi ikiwa kwenye matuta ya barabara.

Tatu, igonge kwa kidole kuanzia mwisho mmoja hadi wa pili. Sauti ikibadilika ghafla katikati, huenda hapo palivunjika pakazibwa.

Nne, ishike katikati ikining'inia. Ikilalia upande mmoja, upande huo ni mnene kuliko mwingine.

Tano, uliza kuhusu taa ya breki. Kwenye baadhi ya magari, taa ya breki ya tatu imo ndani ya spoila. Ukiondoa orijino ukaweka ya kuiga isiyo na taa, umemnyima anayekufuata onyo la kwamba umefunga breki. Kwa wakazi wa huku wanaojua ukungu wa Julai asubuhi, sina haja ya kueleza zaidi.

Sita, ipeleke juu ya gari kabla ya kulipa, ukae kwenye kiti cha dereva, utazame kwenye kioo cha ndani. Bawa likikata katikati ya kioo cha nyuma, kila pikipiki itajificha nyuma yake.

FUNDI NDIYE MWAMUZI

Hata hivyo, msomaji, nimefikia jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Spoila orijino iliyofungwa vibaya ni hatari kuliko ya kuiga iliyofungwa vizuri. Watu hubishana mwezi mzima kuhusu duka, kisha humpa fundi dakika ishirini kandokando ya barabara, huku wakimwambia afanye haraka kwa sababu kuna harusi Chuka.

Kifuniko cha buti ni bati jembamba. Likitobolewa na bolti ikakazwa juu ya tundu hilo tupu, bati litaanza kupasuka polepole kuzunguka tundu, kwani bawa hutikisika kila gari linapopita shimo. Fundi anayejua kazi yake huweka washa pana au kipande cha bati chini, ili nguvu isambae. Kabla ya hapo hupima mara mbili kwa karatasi na utepe, ndipo atoboe mara moja. Baada ya kutoboa hupaka praima kwenye kingo za tundu, kisha huziba kwa mpira na silikoni.

Kwa nini haya yote? Kwa sababu ya mvua zetu. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, maji yatapata njia kwenye tundu lisilozibwa. Yataingia butini na kutulia chini ya gurudumu la akiba mahali usipopaona. Utakuja kugundua siku umepata pancha kule Mukurwe-ini, uinue zulia na ukute kisima na kutu. Spoila ya bei rahisi itakuwa imekula buti zima.

Kuna pia suala la uzito. Zile fimbo za gesi au springi zinazoinua kifuniko cha buti zilipimwa kwa uzito wa kifuniko pekee pamoja na spoila yake. Ukiongeza bawa zito la faibaglasi, kifuniko hakitasimama. Mama atafungua buti atoe mboga alizonunua sokoni, nacho kitamshukia kisogoni. Kabla ya kuondoka gereji, fungua buti nusu, kisha fungua lote, uone kama linasimama peke yake.

Utepe wa gundi wa pande mbili, ambao wengine huusifia kwa kuwa hautoboi gari, unafaa kwa ule ukingo mdogo ulalao juu ya buti, nao pia ubandikwe juu ya bati lililosafishwa na kukauka kabisa. Bawa lenye miguu lisifungwe kwa gundi kamwe. Na hata likifungwa kwa bolti, rudi kwa fundi baada ya kilomita mia moja hivi azikaze tena, kisha uzikague mwenyewe kila unapopeleka gari kubadilisha oili.

Fikiria tu kingetokea nini. Uko kwenye barabara pana baada ya Sagana, unaelekea Marua kwa kilomita 110 kwa saa. Bawa lako linang'oka. Wewe utasikia kishindo na kuona kitu kikipaa kwenye kioo. Nyuma yako kuna kijana kwenye pikipiki, amembeba dadake anayerudi chuoni. Kitu hicho hakitawauliza kama ni orijino au cha kuiga. Sheria ya trafiki yamtaka mwenye gari ahakikishe kila sehemu ya gari lake iko katika hali isiyowahatarisha wengine. Ajali haina kinga, husema watu wakizika. Bolti iliyolegea ilikuwa na kinga, nayo ni spana.

JE, UNUNUE IPI?

Kwa ufupi, mimi ningeshauri hivi. Ikiwa gari lako lilitoka kiwandani na spoila, nayo imevunjika au imeibwa, tafuta orijino, hata ya mtumba, ya gari hilo hilo na umbo hilo hilo. Usiliondolee gari kilichopimwa ukalipa kilichokisiwa. Hata ukitaka kuliuza baadaye, mnunuzi anayeyajua magari haya atatazama hapo kwanza.

Ikiwa gari lako halikuja na spoila, nawe unapenda tu sura yake, hakuna dhambi. Mtu hununua tai bila kuwa na baridi shingoni. Lakini chagua ukingo mdogo mwepesi, wa orijino au wa kampuni yenye jina, usiokuzuia kuona nyuma, ufungwe na fundi asiye na haraka. Iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba umebadilisha gari, ili siku ya kudai usiambiwe kuwa gari ulilolikatia bima si hili.

Na ikiwa pesa ulizo nazo zinatosha ya kuiga tu, nakuomba uende kwanza ukachuchumae kando ya gurudumu lako. Kwenye ubavu wa tairi utaona tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2314 maana yake tairi iliundwa juma la 23 la mwaka 2014. Ukikuta tairi lako ni la umri huo, limekauka na limeparara, basi pesa za spoila zimekwisha kupata kazi. Kinachoshika barabara ya Nyeri wakati wa mvua si bawa lililo juu ya buti. Ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kinagusa lami kwa upana unaokaribia kiganja cha mkono wako.

Wazazi nao nina neno nao. Mwanao anayesoma Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi au cha Karatina akija na ombi la spoila kwa gari la nyumbani, usimfokee kwamba ni mambo ya wahuni. Ukimfokea ataificha hamu yake, na hamu iliyofichwa hununua vitu kichochoroni. Mwambie akueleze kazi ya spoila ni nini, kwa kasi gani, na nani ataifunga. Akiweza kujibu, umepata kijana anayefikiri, nawe unaweza kumwamini hata na steringi. Akishindwa, mpe gazeti hili, kisha nendeni pamoja mkatazame tairi.

Hadi Jumapili ijayo, endesha pole. Mwenda pole hajikwai, hata akiwa na bawa.